Mkebe Unaotazama Ukuta

Lima, 21 Agosti 2022

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifurushi kimefika salama. Mzee Fidencio wa basi alikileta mwenyewe mpaka lango la shule, akamwambia sista mlinzi kwamba safari nzima abiria walikuwa wakiuliza ni nini kinachonukia karafuu, naye akawajibu kuwa ni dawa ya minyoo. Nadhani aliogopa wataomba. Vibuyu vyote vilikuwa vizima, hata kile cha juu hakikuvuja. Niligawa maharage matamu bweni zima, maana ulinifundisha kwamba kuyala peke yako ni kujitakia maumivu ya tumbo. Sista mkuu alimaliza kibuyu chake, akalamba ufuta uliobaki kidoleni, kisha akatazama pembeni kuona kama nimemwona.

Masomo yanakwenda vizuri. Hapa naandika kwa mkono wa kushoto na hakuna anayenikataza. Mwalimu Rosalba anasema mkono ni mkono. Nilimweleza kwamba wewe umenikataza kitu kimoja tu duniani, kushika mwiko kwa kushoto, na kwamba nilipokuwa mdogo ulinipiga kofi mkononi mpaka mwiko ukazama chunguni. Alicheka sana.

Nina swali la darasani. Umesikia maneno ya mkebe wa Kiwanda cha Larrabeiti? Nasema ule wa maharage matamu ya kiwandani, "Mi Negra Cayetana", Mweusi Wangu Cayetana, wenye picha ya mama mwenye kilemba chekundu na midomo mikubwa. Watu wengi wanataka jina libadilishwe na picha iondolewe. Wengine wanasema ni mapenzi tu, mbona tunaitana hivyo majumbani. Redioni wanagombana tangu asubuhi. Kiwanda kimetangaza kikao cha wazi mwezi wa Novemba, na Mwalimu Rosalba ametutaka kila mmoja aandike anavyofikiri.

Nimekumbuka kwamba wewe unao mkebe huo, kwenye rafu juu ya jiko, na siku zote unatazama ukuta. Nilipokuwa mdogo nilidhani umeadhibiwa. Kwa nini umeugeuza?

Juzi wasichana waliweka mkebe kama huo kitandani kwangu. Walicheka, nami nikacheka.

Mjukuu wako,
Briseida


El Carmen, 28 Agosti

Mjukuu wangu Briseida,

Marahaba. Fidencio ni mwongo, lakini ni mwongo mwaminifu, ndiyo maana namkabidhi vitu vyangu. Nafurahi unaponiandikia kwa karatasi. Tangu ile simu ya mjomba wako itumbukie kwenye chungu cha maharage sijaona haja ya nyingine. Iliiva vizuri, ikanyamaza.

Mkebe unatazama ukuta kwa sababu mwanga hufifisha rangi. Ndiyo hivyo tu.

Kuhusu mkono, andika kwa ule unaoupenda. Kalamu si mwiko. Chungu cha maharage hukorogwa na mtu mmoja, kwa mkono mmoja, tangu kinapoinjikwa mpaka kinapoepuliwa. Ukimpokeza mwingine mwiko, yanakatika, yanatoa maji kama maziwa yaliyochacha. Hilo unalijua tangu hujaota meno. Na jikoni kwangu mkono huo ni wa kulia.

Habari za hapa ni hizi. Maharage yamechanua bonde zima. Bi Otilia wa dukani amegombana na padri kuhusu kengele za watoto watakaocheza Krismasi; padri anataka kengele chache, Bi Otilia anamuuliza kama Mtoto Yesu alimlalamikia. Mpiga fidla ana jongo, lakini anasema fidla haipigwi kwa mguu. Na alipita mgeni mwenye viatu vya kung'aa, akawa anauliza pale uwanjani habari za koo za zamani, nani ni mtoto wa nani. Wakamwambia kwamba El Carmen kila mtu ni mtoto wa kila mtu. Akaondoka na vumbi la viatu vyake.

Kikao cha watu wa Lima waachie watu wa Lima. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Wewe soma.

Na hao wasichana. Ulicheka kwa mdomo au kwa tumbo?

Bibi yako,
Hermelinda


Lima, 11 Septemba

Bibi yangu mpendwa,

Kwa mdomo.

Nimekuwekea kipande cha gazeti. Gazeti moja la hapa liliwaalika wanafunzi watoe maoni yao kuhusu ule mkebe, na wamechapisha maneno ya msichana mmoja wa huko kwetu aliyejiita "Binti wa Chincha". Watu wanayazungumza sana. Mwalimu Rosalba ameyabandika ukutani darasani, karibu na ramani. Naomba uyasome uniambie unaonaje. Mwalimu anajua kusahihisha nukta na mkato, lakini wewe ndiye unayejua kama jambo ni la kweli.

Kipande kikipotea njiani, hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote:

"Cayetana hakuwahi kuishi. Ni mdoli uliochorwa na watu ambao hawajawahi kukaa jikoni kwetu. Hakuna mwanamke wa kwetu anayecheka vile huku moshi ukimwingia machoni. Mtoeni kwenye mkebe, mtupeni, hakuna atakayemlilia, kwa maana hana mtoto wala mjukuu."

Sista mkuu alipofika hapo alivua miwani.

Niambie ukweli, Bibi. Usinionee haya kwa kuwa nimeyapenda.

Briseida


El Carmen, 19 Septemba

Briseida,

Nimesoma. Ila kabla sijasoma mimi, Bi Otilia alikuwa amekwisha kuyasoma kwa sauti dukani, mbele ya watu na vikapu vyao. Walipopiga makofi nilikuwa nimesimama karibu na gunia la mchele. Nikapiga makofi na mimi.

Mwambie huyo binti anaandika vizuri. Mwambie pia kwamba mtu kabla hajasema fulani hana mtoto wala mjukuu, apige hodi kwanza, aulize.

Safari hii sikupika. Nimekutumia maharage makavu. Yachambue mwenyewe, yana mawe.

Hermelinda


Lima, 30 Septemba

Bibi,

Ni mimi. Nadhani ulijua tangu mstari wa kwanza. Nilitaka uyasifu kabla hujajua ni ya nani, na huo ni utoto, nakubali.

Maharage niliyachambua. Yalikuwa na mawe kweli.

Lakini sielewi nimekukosea nini. Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta kosa, kama ninavyotafuta kwenye hesabu, na silioni. Kwa hiyo ngoja nikuambie yale ambayo sikukuambia, labda nawe utaniambia yako.

Ule mkebe kitandani kwangu ulikuwa umefungwa skafu yangu ya shule kama kilemba. Chini yake waliweka karatasi: "Dada yako amekuja kukutembelea." Tangu Aprili hawaniiti Briseida. Wakati wa chakula wanagonga vijiko mezani mpaka niinuke nipakue mimi, kwa sababu Cayetana ndiye mpakuzi. Fiorella, ninayekaa naye dawati moja, ambaye si mtu mbaya, aliniambia kwa upole kabisa, "Usikasirike bwana, ni jina la mapenzi. Si ndivyo mnavyoitana kwenu?"

Na kweli ndivyo tunavyoitana kwetu. Wewe unaponiita mweusi wangu, mwili wangu wote unapumzika. Wao wakiniita natamani kuvua ngozi niikunje, niifungie sandukuni mpaka likizo. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitaanza kuchukia hata sauti yako. Ndiyo maana niliandika.

Nimechaguliwa kusema kwenye kikao, tarehe 12 Novemba, katika ukumbi wa manispaa. Wanafunzi wote wa darasa letu watakuwepo. Nitasema jina libadilishwe na picha ifutwe. Naomba baraka zako. Kama huzitoi, nipe sababu. Hujawahi kunikataza jambo bila sababu, isipokuwa mkono wa kushoto.

Briseida


Lima, 20 Oktoba

Bibi,

Hujanijibu. Kifurushi cha jana kilikuwa na viazi vitamu na sabuni, basi. Niliukung'uta mfuko, nikapasua hata gazeti lililofungia sabuni.

Mzee Fidencio aliniambia kwa utani kwamba umepata mchumba, eti amekuona ukishuka kwenye gari jeupe la Kiwanda cha Larrabeiti pale uwanjani, na mwanamume mwenye viatu vya kung'aa akakufungulia mlango. Nilicheka. Nilimwambia amekufananisha na mtu.

Leo imeletwa ratiba ya kikao. Upande wa kiwanda kuna wasemaji watatu. Wa tatu ameandikwa hivi: "Bi Hermelinda Guadalupe, El Carmen, kwa niaba ya familia."

Fiorella ndiye aliyeiona kwanza. Akaniuliza, "Guadalupe huyu ni ndugu yako?" Nikasema hapana. Nikasema kwetu Guadalupe ni wengi.

Nimekukana, Bibi, mbele ya mtu aliyekula maharage yako. Na bado sijui kama nilikukana kwa aibu au kwa hasira. Niambie ni familia gani unayokwenda kuisemea, maana familia yako ni mimi na mjomba, na mimi nitakuwa nimeketi upande wa pili.

Briseida


El Carmen, 27 Oktoba

Mjukuu wangu,

Nimeichana barua hii mara kadhaa. Jana nimekwenda kanisani nikamwomba Mama Bikira anifungue kiapo, na kwa kuwa hakusema hapana, naandika.

Mwanamke wa kwenye mkebe ni mama yangu.

Anaitwa Petronila Guadalupe. Nilikuwa mtoto. Ilikuwa Krismasi, watoto wa kengele walikuwa wakizunguka nyumba hadi nyumba kucheza mbele ya pango la Mtoto Yesu, na kila nyumba iliwalisha. Kwetu mama alikuwa ameinjika chungu uani. Ametoka kuosha nywele, ziko wazi, zimelowa, maji yanamchuruzikia mabegani. Kilemba hakuwahi kufunga maishani mwake, alisema kinampa kizunguzungu. Mwenye shamba kubwa alipita na wageni wake kutoka Lima, mmoja ana kamera. Akamwambia, "Hebu cheka kidogo, mama." Mama hakucheka. Moshi ulikuwa machoni, na maharage yalikuwa yanataka kushika chini. Yule akapiga picha, akaondoka.

Baadaye ikaja mikebe. Wamemchora anacheka. Wamemfunga kilemba, wamemtia hereni, wamemvimbisha midomo kama aliyeumwa na nyuki. Na jina wamempa Cayetana. Hapa wazee wote walijua Cayetana ni nani. Alikuwa farasi jike wa mwenye shamba.

Kitu kimoja tu mchoraji alikiacha kama kilivyokuwa: mkono. Tazama mkebe vizuri. Mwiko uko mkono wa kushoto. Mama alikuwa wa kushoto, kama wewe. Kwa mkono huo ndivyo alivyojitambua, na kwa mkono huo watu wa hapa walimtambua. Wakaanza kumwita "mkebe". Mimi shuleni nikaitwa "kimkebe". Siku moja akauweka rafuni, akaugeuzia ukuta, akaniapisha mbele ya Bikira wa Carmen kwamba sitamwambia mtu, wala watoto nitakaowazaa. Kwa hiyo sikuugeuza mimi. Aliugeuza yeye, nami nikauacha alivyouacha. Wote waliojua wamekufa. Halafu ukazaliwa wewe, ukaja jikoni kwangu unatambaa, ukaokota mwiko kwa kushoto. Nikaona wataanza upya.

Nikasoma gazetini kwamba mama yangu hana mtoto wala mjukuu.

Sasa sikiliza. Yule mwenye viatu anaitwa Bwana Urrutia. Alikuja nyumbani na bahasha, ndani yake mna ile picha yenyewe, siyo mchoro. Waliikuta ghalani. Mama yangu, nywele zimelowa, macho kayafumba nusu kwa moshi, na mdomo wake, Briseida, mdomo wake ni wa kwako. Sina picha nyingine ya mama yangu. Sikuwahi kuwa nayo. Nilikuwa nimeanza kumsahau sura, kila nikimkumbuka namwona yule wa kwenye mkebe.

Aliniacha niitazame, akairudisha kwenye bahasha. Amesema nitapewa siku ya kikao. Nikisimama niseme kwamba familia haijachukia, kiwanda hakitaifuta sura; kitaondoa jina la Cayetana kiandike "Petronila", jina lake la ubatizo, na nchi nzima italisoma.

Wewe unataka afutwe. Wakimfuta, amefutwa mara mbili.

Usiseme siku hiyo, mwanangu. Sikuombi kwa sababu mimi ni mkubwa. Nakuomba kwa sababu chungu hiki niko nacho tangu utoto, na chungu hakikorogwi na mikono miwili.

Bibi yako


Lima, 3 Novemba

Bibi yangu,

Nilikwenda duka la kona nikauchukua mkebe, nikautazama mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nasali. Ni kweli, ni mkono wa kushoto. Nimeishi na picha ile tangu nizaliwe, na sikuwahi kuuona mkono.

Naomba unisamehe. Niliandika kwamba hana mtoto wala mjukuu, na sentensi hiyo ndiyo niliyoionea fahari kuliko zote.

Sijui nifanyeje. Mwalimu Rosalba anasema naweza kujitoa, hakuna atakayenilaumu, lakini alipokuwa akisema hivyo alikuwa anapanga chaki ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Fiorella ameanza kunipakulia chakula yeye. Wale wengine wanasubiri siku hiyo waone nitatetemeka vipi.

Nataka uipate picha. Ningeweza kukuchukulia kwa kuiba ningeiba. Lakini kuna jambo moja, nami ni afadhali nikuambie sasa kuliko ulisikie kwenye kipaza sauti.

Bibi, wakiandika Petronila kwenye mkebe, kesho yake bwenini wataniita Petronila. Watagonga vijiko, "Petronila, pakua." Sasa hivi wakinicheka wananicheka kwa jina la farasi. Wakati huo watanicheka kwa jina la mama yako. Na wewe utakuwa ndiye uliyewapa.

Je, Bwana Urrutia aliyasema hayo ya jina mbele ya mtu mwingine, au alikuambia wewe peke yako, jikoni?

Sitaki kusema kinyume chako. Lakini sijaliondoa jina langu.

Mjukuu wako,
Briseida


Lima, 13 Novemba

Bibi yangu,

Naandika mara moja kwa sababu sikukupata. Nilipotoka ukumbini nilikimbia mpaka nje, nikaambiwa gari la kiwanda limeondoka bila wewe, na kwamba mama mmoja mwenye nywele nyeupe ameuliza njia ya kituo cha mabasi. Mzee Fidencio alimwambia sista kwamba ulikaa kiti cha mbele mpaka Chincha, hukusema neno, na kwamba naye kwa mara ya kwanza hakusema neno. Nimeogopa.

Nataka ujue nilichokiona, maana pale jukwaani ulikuwa umenipa mgongo.

Waliposoma jina lako, Fiorella alinitazama. Nilikuwa nimeinamia karatasi zangu. Nikainua kichwa, nikakuona unapanda ngazi kichwa wazi, nywele zako zote nje, na mkononi kitambaa chekundu umekikunja kama mtu anavyokunja dasta ya jikoni. Bwana Urrutia alikuwa anakuonyesha kwa kidole kichwani kwake, hivi, hivi. Wewe ukakiweka kitambaa mezani mbele ya wakubwa wa kiwanda. Nakumbuka kila neno:

"Mama yangu aliitwa Petronila Guadalupe. Hiki hakuwahi kukifunga, nami sikifungi. Nilikuja kuwaambia hatujachukia. Tumechukia."

Ukashuka. Watu hawakupiga hata makofi, walikuwa hawajui kama umemaliza.

Halafu wakaita jina langu. Zile karatasi zangu niliziacha kitini. Nikasema, "Aliyetoka kusema sasa hivi ni bibi yangu." Nilitaka Fiorella asikie, na alisikia. Nikasema mimi ni kitukuu wa mwanamke wa kwenye mkebe, na kwamba niliandika gazetini kuwa hana mtu, nikakosea. Nikasema waliondoe jina la Cayetana, waondoe na mchoro, na la Petronila wasiliweke popote, lirudi nyumbani. Na picha iliyo kwenye bahasha ni mali ya mtoto wake, wampe, leo, bila sharti.

Mwenyekiti aliuliza ni bahasha gani. Bwana Urrutia akasema suala hilo litatafakariwa.

Najua nimesema kinyume cha ulichokitaka kuhusu jina. Labda kwa ajili yangu umepoteza picha. Kama umenikasirikia nitumie maharage yenye mawe, nitayachambua. Usinitumie tu mfuko mtupu.

Briseida


El Carmen, 11 Desemba

Mweusi wangu,

Nimekawia kwa sababu mkono unauma, siyo moyo. Kiganja cha kulia kimevimba viungo. Mpiga fidla anasema jongo limemhama yeye likahamia kwangu, na anajivunia.

Sasa nami nikuambie ulichokuwa huwezi kukiona. Kabla ya kikao walitulisha chakula cha mchana katika chumba kizuri. Baada ya kahawa akaja msichana mpole, umri wako, na sanduku. Ndani mna kilemba chekundu na hereni kubwa. Akasema, "Mama, ni kwa ajili ya wapiga picha tu." Nikamuuliza Bwana Urrutia kuhusu jina la Petronila kama bado lipo. Akasema ndiyo, ila watu wa matangazo wanaona Petronila ni zito mdomoni, labda Petita. Nikakumbuka barua yako, ile ya vijiko. Nikaona ninyi wawili mmesimama mezani, wewe na mama, na watu wanagonga. Kitambaa nikakichukua, nikasema nitakifunga huko huko.

Hukunipotezea picha, mwanangu. Niliiacha mwenyewe mle chumbani, naijua bei yake. Bado hawajaileta. Mwalimu wako amewaandikia, na mwenyekiti wa kikao naye amewaandikia. Tutaona. Lakini tangu siku ile nikifumba macho namwona mama na nywele zake zilizolowa, yule wa mkebe haji tena. Nadhani ulimfukuza wewe.

Jina limebadilishwa, umesikia. Sasa ni "Bonde Tamu", na ua la mharage. Mpaka mikebe mipya itoke wamebandika karatasi juu ya ile ya zamani, na watoto wanaibandua kwa kucha wakitoka dukani. Wiki iliyopita nimeingia nikasikia mtu anamwambia Bi Otilia, "Nipe Petronila mmoja." Kwa nia njema kabisa, kuniheshimu. Duka zima likanitazama lione nitakavyofurahi.

Nikawaambia, "Petronila hauzwi. Omba maharage." Bi Otilia amelibandika hilo juu ya mizani.

Ule wa rafuni nimeushusha. Nimeukwangua kwa kisu cha kuparia samaki, nikaondoa jina, nikaondoa kilemba, hereni na kile kicheko. Bati limebaki linang'aa. Nimeuacha mkono tu na mwiko wake. Kisha nimeurudisha juu ya jiko, na sasa unatazama jikoni.

Njoo kabla ya mkesha. Mwaka huu watoto wa kengele wataanzia kwetu, padri ameshindwa, kengele ni zote. Maharage nimekwisha kuyachambua, sukari guru ipo, ufuta upo. Kiganja changu hakitaweza kufika mwisho, na unajua chungu hakikubali kupokezana. Kwa hiyo kitakuwa chako tangu kuinjikwa mpaka kuepuliwa, mimi nitakaa kwenye kigoda nikutazame.

Na mwiko ushike kwa mkono wako.

Bibi yako,
Hermelinda, binti Petronila